UZI: Kliya inababuka kabla ya miaka miwili. Tujadili vilivyomo ndani ya kopo na vile tunavyoongeza wenyewe gereji

#1 Mpulizaji wa Tabata

Habari za jioni wakuu.

Jana asubuhi imeletwa IST nyeusi gerejini kwangu. Mwenye gari anasema ilipigwa rangi yote upya mwaka juzi mahali fulani, na alilipa hela nzuri tu. Milango bado inang'aa, ukisimama ubavuni unaweza kujitazama ukafunga kilemba. Lakini panda juu ya kigoda utazame paa. Kliya, lile tabaka angavu la juu ya rangi, imekuwa nyeupe kama ukoko wa ugali uliokaukia sufuriani, na pembeni imeanza kunyanyuka. Nikaingiza ukucha chini ya ukingo, kikabanduka kipande cha ukubwa wa kiganja, laini kama ngozi ya kitunguu. Nikaenda kwa jirani yangu fundi injini, nikaazima maikromita anayopimia shimu, nikabana kile kipande. Ikasoma milimita 0.02, yaani maikroni 20. Kliya iliyopulizwa inavyotakiwa, mikono miwili kamili (yaani tabaka mbili), ikikauka inakaa kwenye maikroni 50 hadi 60.

Gari moja, kopo moja, siku moja, fundi mmoja. Milango mizima, paa limekufa. Nimeona nifungue uzi tulizungumze hili kwa kina, maana wengi wetu, na mimi nilikuwa humo kwa miaka, tunachukulia kliya ni ya kung'arisha tu. Kliya ni ngao. Nguvu ya ngao hiyo iko kwenye vitu vidogo ambavyo fundi havioni.

Kliya ya kuchanganya na hadina ina makundi manne ya vitu. Kuna resini ya akriliki, huo ndio mwili wenyewe. Kuna hadina, yenye isosianati, ambayo inashikana na resini na kusuka wavu mmoja mkubwa wa poliurethani. Kuna vimiminika vya kuyeyushia, ambavyo kazi yao ni kuruka hewani na kuondoka. Halafu kuna viongezeo. Kwa uzito hivi ni vichache kuliko vyote, mara nyingi havifiki asilimia 5, lakini ndivyo vinavyoamua rangi yako itasimama miaka 2 au 10.

Nianze na vya jua, maana ndivyo vilivyoua lile paa.

Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita linasimama utosini kabisa, na miezi mingine halisogei mbali sana. Mlango unalipata jua kiubavu, paa na boneti vinalipokea lote. Miale inayoharibu rangi ni ile ya urujuanimno, ya nanomita 290 hadi 400. Jicho halioni, lakini ina nguvu ya kukata viungo vya resini kimoja kimoja.

Kiwandani wanaweka walinzi wawili. Wa kwanza ni kifyonza miale, mara nyingi ni kemikali ya jamii ya benzotriazoli au triazini, asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa resini. Huyu anaumeza ule mwale, anaugeuza kuwa joto dogo, kisha anarudi alivyokuwa na kusubiri mwingine. Wa pili anaitwa HALS, asilimia 0.5 hadi 2 hivi. Huyu hamezi mwanga. Anakamata radikali huru, vile vipande vya kemikali vinavyozaliwa kiungo kikikatika, ambavyo visipokamatwa vinaenda kukata viungo vingine. Akishamaliza kazi anajirudisha upya, ndiyo maana kidogo kinatosha kwa muda mrefu. Wa kwanza ni mwavuli, wa pili ni zimamoto.

Kwa nini wote wawili? Kwa sababu mwavuli unahitaji kina. Ngozi ya juu kabisa ya kliya haina kitu juu yake cha kuikinga, pale HALS ndiye anayelinda mng'ao usififie. Kifyonza kinalinda vya chini: rangi yenyewe na praima, na pale rangi inaposhikana na kliya. Mbabuko unaanzia hapo chini, siyo juu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Chukua kliya ya maikroni 50 inayopitisha mwale 1 tu katika kila 100. Ukiipuliza nusu ya unene huo, maikroni 25, watu wengi watasema inapitisha mara mbili, miale 2. Hapana. Inapitisha 10. Ukishuka hadi maikroni 10 inapitisha karibu 40. Mwanga hupungua kwa kuzidishwa kila unaposhuka kina, siyo kwa kutolewa. Ukipunguza unene kwa nusu, rangi iliyo chini inapigwa mara kumi.

Na unene tunaupoteza wapi? Kwenye thina. Tuseme mchanganyiko wako, ukipimwa kwa ujazo, una asilimia 45 ya kitu kinachobaki baada ya kukauka. Ukipuliza maikroni 60 mbichi mara mbili, zinabaki 54. Safi. Ongeza thina nusu ya ujazo wa mchanganyiko, kama nilivyoona watu wakifanya ili lita moja imalize gari zima: ile 45 imekuwa 30, na mikono ileile miwili inabakiza 36. Ongeza na paa ambalo mkono wako haufiki katikati, bunduki ya kupulizia iko mbali, nusu ya kliya inakauka hewani kabla ya kutua. Ndipo unapata maikroni 20 za yule mama wa IST.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: viongezeo vizuri vimo tayari ndani ya kopo la kliya yenye ubora, mteja ameshavilipia. Sisi gereji ndio tunaviua, kwa thina, kwa msasa, na kwa vitu tunavyodondoshea ndani kwa kukadiria.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali aulize, mwenye kujua zaidi atuongezee.

#2 Kijana wa Sabasaba

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

#3 Shangazi wa Mwenge

Fundi shikamoo na hongera kwa elimu. Mimi siyo fundi, nina gari tu na nimeshaumizwa mara mbili. Naomba uniambie mambo mawili. Nikipeleka gari kupigwa rangi nitajuaje kama kliya inatosha? Na hii nta ya kupaka, au ile wanaita seramiki, inazuia jua lisiharibu?

#4 Mpulizaji wa Tabata

@Shangazi wa Mwenge marahaba, ingawa nadhani mimi ndiye wa kukuamkia.

La kwanza: kabla ya kazi mwambie fundi akuonyeshe kopo la kliya na kopo la hadina yake, na uwiano ulioandikwa. Ikiwa ni 2 kwa 1, basi kila lita ya kliya inataka nusu lita ya hadina. Muulize anachanganyia kwenye nini. Akikuonyesha kikombe chenye mistari ya vipimo, kaa kwa amani. Akikuonyesha chupa ya maji iliyokatwa shingo, uliza maswali zaidi. Kazi ikiisha mwombe apime kwa kile kipimo cha unene cha kuweka juu ya bati. Kitasoma tabaka zote kwa pamoja, kwa hiyo apime kabla ya kupuliza kliya na baada. Tofauti ndiyo kliya yako. Apime katikati ya paa, siyo mlangoni.

La pili: nta na seramiki zina faida. Maji yanateleza, vumbi halishiki, gari linaosheka kwa urahisi. Lakini kwa jua rudi kwenye hesabu ile ile. Tabaka lenyewe ni kama maikroni moja au chini ya hapo, litameza miale kiasi gani? Kinachokulinda ni kliya. Na tafadhali usikubali gari lisuguliwe kwa mashine kila baada ya miezi michache eti lirudishe mng'ao. Kila msuguo wenye msasa na kompaundi unaondoka na maikroni kadhaa, na hizo ndizo zenye walinzi.

#5 Kemia Kimara

Mleta uzi umeeleza vizuri sana. Nilikaa miaka sita maabara ya kiwanda cha rangi, naomba niongeze kwenye thina, maana umegusia unene tu na kuna ubaya mwingine ambao hauonekani.

Isosianati iliyo kwenye hadina inatafuta kitu kimoja: kundi la OH. Resini ya akriliki inayo mengi kwa kila molekuli, ndiyo maana wavu unasukwa. Lakini maji nayo yanayo, na alkoholi nayo inayo. Hadina haichagui rafiki, inashikana na anayekutana naye kwanza.

Thina za bei ndogo, zile za kuoshea bunduki au za rangi za kizamani, nyingi zina alkoholi, methanoli ikiwemo. Methanoli ina OH moja tu. Ikishikana na isosianati mnyororo unaishia hapo, hauendelei kusuka. Ukipiga hesabu ya uzito, gramu 1 ya methanoli inaweza kula takriban gramu 6 za isosianati ya aina inayotumika kwenye hadina za magari. Maji ni mabaya zaidi: gramu 1 inakula takriban gramu 20, na juu yake yanatoa gesi ya kaboni dioksidi. Zile tundu ndogondogo kama zimechomwa na sindano, mara nyingine ni gesi hiyo.

Kliya ya namna hiyo itakauka. Itang'aa. Mteja ataondoka anacheka. Lakini wavu wake una matundu, kwa hiyo petroli ikidondoka inalainika, kunguru akinyea alama haitoki, na walinzi wa jua uliowataja wanahama polepole kutoka kwenye utando wenyewe kwa sababu hakuna cha kuwabana. Hapo unene unaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikafa mapema.

Na hadina ikishafunguliwa, funga mfuniko siku hiyo hiyo. Unyevu wa pwani unaingia wenyewe. Ukiona imekuwa na ukungu wa maziwa au chengachenga chini, hiyo imeshakula maji. Usiiokoe.

#6 Mvita Spray

Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma nikajiona mwenyewe hapo kwa thina ya kuoshea bunduki, nitaacha.

Mimi nataka kuuliza juu ya matone ya kukaushia. Huku wakati wa masika mteja anataka gari jioni, mvua yaja, nasi hatuna chumba cha kuokea. Kuna kijichupa wauza duka la rangi wapimia, watia matone kwenye kliya, yakauka haraka mno. Lakini mara nyingi siku ya tatu au ya nne ule mng'ao walala, yawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Yatoka wapi hayo?

#7 Kemia Kimara

@Mvita Spray hicho kijichupa kwa kawaida ni kichocheo chenye madini ya bati ndani yake, jina lake refu ni dibutilitini dilaureti, mafundi wa maabara tunasema DBTL. Kinaharakisha isosianati kushikana na resini, na kinafanya kazi kwa kiasi kidogo cha kushangaza. Asilimia 0.02 ya resini inatosha kubadilisha kila kitu. Kwa mchanganyiko wenye nusu kilo ya resini hiyo ni gramu 0.1, yaani matone mawili matatu. Na mara nyingi kiwanda kimeshaweka chake ndani ya kopo.

Ukitia kofia nzima ya chupa, ngozi ya juu inafunga wakati chini bado kuna kimiminika. Hicho hakina pa kutokea. Kikilazimisha mara moja, unapata malengelenge. Kikitoka polepole kwa siku kadhaa, kliya inanywea, inafuata mikwaruzo ya msasa iliyo chini yake, na mng'ao unalala. Hiyo ndiyo hali yako ya siku ya tatu.

Kuna jambo moja la werevu ambalo viwanda hufanya na mimi lilinivutia tangu siku ya kwanza. Wanaweka kichocheo pamoja na kitu kinachokifunga mdomo, kinaitwa asetiliasetoni. Ndani ya kikombe kinakizuia kichocheo, kwa hiyo una muda wa kupuliza. Kikishapulizwa kinaruka hewani, kichocheo kinabaki huru na kuanza kazi juu ya bati. Ukidondoshea kichocheo chako kutoka dukani, umeuvunja mpangilio huo, na kliya itaanza kuganda ndani ya bunduki.

Ukitaka kukausha haraka tumia hadina ya haraka ya kampuni ileile. Lakini kwa joto letu la nyuzi 30 na zaidi, kliya hukauka yenyewe. Shida huwa ni kinyume chake: tunapaswa kutumia hadina na thina za polepole, ili kliya ipate muda wa kutandaa kabla haijashika. Ule uso wa vinundu kama ganda la chungwa mnaousugua kwa msasa namba 2000 kutwa nzima, nusu yake ni thina iliyoruka upesi mno.

#8 Fundi Mzee wa Keko

Vijana, hayo yote ni mazuri. Lakini mteja anakuja na hela ya kliya ya kopo la bei ya chini, unamfukuza? Mimi nina watoto.

#9 Mpulizaji wa Tabata

@Fundi Mzee wa Keko shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na sitalijibu kijuujuu.

Simfukuzi. Ninakaa naye. Namwambia kupiga msasa, puti, praima na rangi ni siku nne za jasho, na jasho hilo ni lilelile kwa kliya yoyote. Kopo la kliya ni sehemu ndogo ya hela yote, na ndiyo sehemu inayolinda nyingine zote. Wengi wanaelewa. Asiyeweza kabisa namshauri tupunguze eneo: tupige paa na boneti kwa kliya nzuri sasa, milango tuisugue na kuiacha hadi apate. Mlango unavumilia, nimeeleza kwa nini.

Na hata kliya ya bei ndogo, mzee, ukiipima kwa uwiano wake na kuipuliza mikono miwili iliyoshiba bila kuizidishia thina, itaishi kuliko kliya ya bei kubwa iliyozidishiwa thina. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

#10 Dogo Lake Zone

Wakuu nauliza kuhusu macho ya samaki. Napuliza kliya, inafunguka vitundu vya mviringo kama shilingi ndogo, katikati unaona rangi. Nimeambiwa kuna dawa ya kudondoshea. Niinunue?

#11 Mpulizaji wa Tabata

@Dogo Lake Zone, kaa nikuambie kilichonipata.

Miaka ya nyuma nilikuwa napulizia Noah, na jirani ukuta kwa ukuta walikuwa wanaosha magari na kupulizia matairi na dashibodi ile dawa ya kung'arisha. Sikujua kwamba ile ni silikoni na inapaa. Mkono wa kwanza wa kliya tu, boneti nzima ikafunguka macho. Unajua jinsi tone la mafuta linavyofukuza mchuzi usogee pembeni ya sahani? Ndivyo ilivyokuwa. Nikakimbia dukani, nikanunua ile dawa, nikatia vifuniko viwili, nikapuliza. Macho yakafunga. Nikashukuru Mungu.

Kesho yake nikapuliza gari jingine kabisa, Corolla nyeupe, kliya mpya, kopo jipya, bunduki ileile. Macho ya samaki kila mahali. Na wiki iliyofuata ile Noah ikarudi imegongwa kidogo, nikaipiga msasa harakaharaka nikarudishia kliya juu. Ikabanduka kama stika.

Nilipoelewa sababu niliumia. Kimiminika chenye mvuto mdogo wa uso kinasambaa, na kile chenye mvuto mkubwa kinakivuta kutoka kilipo. Silikoni ina mvuto mdogo kuliko kliya. Chembe moja ikikaa juu ya bati, kliya inayoizunguka inakimbia kutoka pale na kuacha shimo. Ile dawa ya matone yenyewe ni silikoni. Inafanya kazi kwa kuishusha kliya yako yote ifanane na uchafu, ndipo uchafu hauonekani tena. Umeuponya ugonjwa kwa kumwambukiza kila mtu. Na imebaki kwenye mipira ya bunduki, kwenye kikombe, hewani, na juu kabisa ya kliya iliyokauka, inasubiri tabaka lijalo lishindwe kushika.

Siyo kwamba silikoni ni haramu. Kiwanda huweka silikoni yake iliyoundwa maalumu, iliyounganishwa na polietha ili ipatane na resini, kidogo sana, chini ya asilimia 1. Hiyo ndiyo inayofanya kliya itandae juu ya bati na kuteleza ukiipitishia mkono. Wengine huweka na poliakrileti, inayosawazisha mawimbi bila kuleta utelezi. Vipimo hivyo vimepigwa maabara kwa kliya ile. Tone langu na lako havijui hesabu hiyo.

Kwa hiyo usinunue. Futa gari kwa dawa ya kuondolea grisi kabla ya msasa na baada ya msasa, vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufutia ingali mbichi. Kikikauka chenyewe umesambaza tu. Weka chujio la maji na mafuta kwenye kompresa, na ulimwage kila asubuhi. Macho yakitokea, acha ikauke, piga msasa, anza upya. Inauma, lakini inaisha.

#12 Dogo Lake Zone

Nimeelewa mkuu, ubarikiwe. Na bampa je? Naambiwa niweke dawa ya kulainisha kliya isipasuke kwenye plastiki.

#13 Mpulizaji wa Tabata

Kliya nyingi za sasa za kuchanganya na hadina zinanyumbulika vya kutosha kwa bampa ya kawaida, soma karatasi ya kopo lako. Ukiweka kilainishi inachelewa kukauka na inabaki laini, vumbi na kucha zinaacha alama. Bampa ikibabuka huku kwetu, mara nyingi kosa ni kukosa praima ya plastiki chini. Kliya haina hatia.

#14 Kemia Kimara

Naomba niingilie kwa jambo ambalo halijatajwa na lisipotajwa uzi huu una deni.

Mnapozungumza hadina mnazungumza isosianati, na isosianati inaleta pumu. Siyo kikohozi cha siku moja. Mwili ukishaizoea kwa ubaya, hata mvuke kidogo unabana kifua, na fundi analazimika kuacha kazi aliyoisomea maisha yake yote. Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, hakuna ruhusa ya kutumia kikazi bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya diisosianati bila kupata mafunzo kwanza. Kitambaa puani hakizuii kitu. Barakoa ya vumbi haizuii. Kiwango cha chini ni barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, vilivyobadilishwa kwa wakati, na bora zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa bomba. Funika na ngozi. Na mfukuzeni mtoto anayekuja kutazama.

#15 Fundi Mzee wa Keko

Hilo la kifua ni kweli. Nilifanya kazi na mwenzangu tangu ujana, siku hizi anakaa tu barazani, akisikia harufu ya kliya anaanza kupumua kama aliyekimbia. Hatukujua. Asante mwanangu kwa kulisema.

#16 Kijana wa Sabasaba

Kuna kliya naambiwa haikwaruziki, ina nano. Ni kweli?

#17 Kemia Kimara

Ipo, ila "haikwaruziki" ni neno la muuzaji. Mercedes-Benz walianza kutumia kliya yenye chembe za nano mwishoni mwa 2003: vijichembe vya jamii ya kauri vinajipanga kwa wingi karibu na uso, uso unakuwa mgumu zaidi na brashi za kuoshea hazichori kirahisi. Nissan walikwenda njia nyingine mwaka 2005: kliya yenye mnyumbuliko, mchoro mdogo unajirudi wenyewe kwa joto. Njia moja ni kuwa mgumu kama jiwe, nyingine ni kurudi kama mpira. Chembe lazima ziwe ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, la sivyo kliya inakuwa na ukungu. Ukiweka silika kubwa zaidi, za maikroni kadhaa, kwa makusudi, uso unakuwa na vinundu na unapata kliya isiyong'aa, ile ya mati. Hiyo nayo usiisugue kwa polishi kamwe, inaota mabaka yanayong'aa.

#18 Mvita Spray

Mimi sitaki kubaki na maneno matupu. Nina boneti kuukuu ya gari lililokufa hapa uwanjani. Nataka kuifanyia jaribio nione kwa macho. Nipangieni.

#19 Mpulizaji wa Tabata

Ndugu yangu hapo umenifurahisha kuliko wote. Fanya hivi.

Safisha boneti yote, praima moja, rangi moja, nyeusi au bluu iliyokolea ili mabadiliko yaonekane. Igawe kwa utepe mafungu manne. Fungu la kwanza kliya kwa uwiano wake, mikono miwili iliyoshiba. La pili mchanganyiko uleule, mkono mmoja tu. La tatu mikono miwili, lakini umeongeza thina nusu ya ujazo, thina nzuri, ili tupime unene peke yake. La nne kama la kwanza, ila tia matone ya kukaushia kwa kiasi kile mlichozoea huko. Puliza hilo la nne mwisho ili usichafue mengine.

Iache wiki moja ndani. Kisha funika nusu ya kila fungu kwa karatasi ya foili, ibane vizuri isipeperuke na kusi. Hiyo nusu iliyofunikwa ndiyo shahidi wako, bila hiyo baada ya mwaka utabishana na kumbukumbu. Iweke juu ya bati la gereji, mahali pasipo na kivuli cha mwembe, karibu ilale ila uinyanyue upande mmoja kidogo maji ya mvua yasituame. Wapimaji wa rangi kule Florida nao huziweka paneli zao kwa nyuzi 5 tu, na sisi tuna jua kali kuliko lao.

Kila mwezi osha kwa maji na sabuni laini, usisugue, piga picha saa ileile ya asubuhi, uilete hapa. Mimi nitaweka yangu Tabata, nina mlango wa Vitz hapa nje. @Kemia Kimara kama una rafiki mwenye kile kifaa cha kupimia mng'ao kwa nyuzi 20 tutamwomba.

#20 Kemia Kimara

Nitakipata, kipo mahali nitakiazima. Pimeni unene wa kila fungu kabla ya kupandisha juu na muandike.

#21 Mvita Spray

Sawa. Jumamosi naanza. Nitaandika tarehe na vipimo kwa nyuma kwa kalamu ya rangi.

#22 Mpulizaji wa Tabata

Kalamu itapauka hata ikiwa nyuma, na mvua itafuta kilichobaki. Chora kwa msumari kwenye bati lenyewe, halafu pakaa praima kidogo juu ya mchoro isipate kutu.